Kabla ya kuchimba zaidi chini, tupige hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nimjibu mama wa Gezaulole aliyeandika kwamba kisima chake, kilichompa maji baridi kwa miaka mingi, sasa kinatoa chumvi, na kwamba fundi amemshauri akichimbe zaidi ili ayapite maji mabaya. Mama, nakuomba usimlipe fundi huyo hata shilingi moja kabla hujamaliza kusoma barua hii. Hapo ulipo, karibu na ufukwe, kwenda chini zaidi ni kuifuata chumvi iliko.

Mimi ni fundi sanifu wa maji mstaafu. Nilisomea Chuo cha Maji, Ubungo, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kando ya visima vya Dar es Salaam na Pwani, usiku na mchana, mkononi nikiwa na futi ya kupimia kina, saa na daftari. Nimeandika kwa sababu maswali mengi yanayotusumbua Kigamboni kuhusu visima yana majibu, na majibu hayo yanapatikana kwa kalamu, karatasi na kalkuleta ya mwanafunzi wa sekondari. Kanuni zenyewe ni za zamani kuliko mimi. Hatuzitumii, na mbaya zaidi, tunachimba kila wiki bila kukusanya namba za kuingiza humo.

Nianze na chumvi. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo 1, ya bahari ina kama kilo 1.025. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ndiyo inayotuwezesha sisi wa pwani kunywa. Maji ya mvua yakizama mchangani hukaa juu ya maji ya bahari na kuyakandamiza yasipande. Badon Ghijben, mhandisi wa jeshi la Uholanzi, aliandika hesabu ya jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1880, na Mjerumani Herzberg akaifikia kwa njia yake mwenyewe mwaka 1901, akichunguza maji ya visiwa vya Bahari ya Kaskazini. Gawanya 1 kwa 0.025, unapata 40. Yaani kila mita moja ya maji baridi iliyosimama juu ya usawa wa bahari inashikilia mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Maji ya chini ya ardhi yakishuka nusu mita na kubaki hapo, mpaka wa chumvi, yaani pale maji baridi yanapokutana na ya bahari, utapanda mita 20. Hautapanda leo wala kesho. Unaweza kuchukua miaka, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: unavuta, unaonja, maji ni matamu, unadhani mambo ni salama. Kumbe mpaka uko njiani. Ukishafika, kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu. Maji ya bahari yana kama miligramu 19,000 za kloridi kwa lita, na ulimi wa mtu huanza kuihisi chumvi kwenye miligramu 250 hivi. Ndoo mbili za maji ya bahari katika ndoo mia za maji baridi zinatosha kukunyima chai.

Chini ya kisima kinachovutwa, mpaka huo haupandi ukiwa bapa. Unavimba na kufanya kilima, kilele chake kikielekea pampu. Urefu wa kilima unapatikana hivi: chukua kiasi cha maji unachovuta kwa siku, ukigawe kwa zao la namba nne, ambazo ni 6.28 (mara mbili ya pai), mwendo wa maji katika mchanga wa mahali hapo, umbali kutoka kitako cha kisima hadi kwenye mpaka wa chumvi, na ile 0.025.

Tuchukue mchanga wa wastani unaopitisha maji mita 5 kwa siku, na kisima ambacho kitako chake kiko mita 20 juu ya chumvi. Zao la namba nne ni 15.7. Kaya inayovuta yuniti 2 kwa siku, yaani madumu mia moja ya lita 20, inainua kilima cha sentimita 13. Hakuna madhara. Anayevuta yuniti 100 anainua mita 6.4. Anayevuta yuniti 200 anainua mita 12.7, na huyo amekwisha, kwa sababu kilima kikivuka theluthi moja hadi nusu ya ule umbali hakitulii tena, kinaruka moja kwa moja hadi kwenye skrini ya kisima, yaani bomba lenye matundu ya kuingizia maji.

Na sasa ushauri wa yule fundi. Kwa kutumia kikomo cha theluthi, yaani kilima kisivuke theluthi ya ule umbali, kisima chetu cha mfano kinaweza kuvutwa kama yuniti 105 kwa siku. Kichimbe mita 10 zaidi ili ukaribie chumvi kwa nusu ya umbali wa awali. Kiasi unachoruhusiwa kuvuta hakipungui nusu, kinapungua hadi robo: yuniti 26. Umeongeza gharama ya kuchimba, kesingi na kebo, ukapoteza robo tatu ya maji. Ningekuwa mimi, mama, ningefanya kinyume chake. Ningeziba sehemu ya chini ya kisima kwa saruji, nipandishe pampu, nifunge pampu ndogo ivute polepole kwa saa nyingi, na tangi liwe kubwa. Pia ningemuuliza jirani anavuta kiasi gani, kwa sababu huenda kosa haliko kwenye kisima chako kabisa.

Hapo ndipo inapoingia kanuni ninayoipenda kuliko zote. Katika miaka ya 1930 Charles Theis alikuwa akifanya kazi na idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani huko New Mexico, nchi kavu ambako wakulima walikuwa wakivuta maji ya ardhini kwa nguvu. Kanuni iliyokuwepo, ya Mjerumani Thiem ya mwaka 1906, ilihesabu mshuko wa maji kuzunguka kisima bila kutaja muda hata kidogo, kana kwamba kisima kikivutwa mwaka mzima ni sawa na kikivutwa siku moja. Theis aliona kwa macho yake kwamba si hivyo. Akatambua kwamba maji yanavyosafiri kwenye mchanga kuelekea kisimani yanafuata sheria ileile ya joto linavyosafiri ndani ya chuma. Kuhusu joto, wanahisabati walikwisha kupata majibu kamili. Akamwandikia rafiki yake mwanahisabati, Clarence Lubin, amsaidie, na mwaka 1935 akachapisha kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi ya kila mpimaji wa visima duniani.

Kanuni hiyo inauliza mambo matano tu: unavuta kiasi gani, kwa muda gani, jirani yuko umbali gani, tabaka la mchanga linapitisha maji kiasi gani, na linahifadhi kiasi gani. Ukijua hayo, inakuambia maji ya jirani yatashuka kwa kiasi gani.

Tuitumie hapa kwetu. Boza moja la lita 10,000 ni yuniti 10. Mfanyabiashara anayejaza maboza ishirini kwa siku anavuta yuniti 200. Tuseme tabaka la mchanga wetu lina unene wa mita 20, linapitisha mita 5 kwa siku, na linaachia maji sawa na sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Tuseme pia ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, siku 150 bila mvua ya maana. Jirani aliye mita 50 kutoka kwa mfanyabiashara huyo maji yake yanashuka sentimita 78. Aliye mita 150, ambaye pengine hata hajui kwamba kuna kituo cha maboza mtaa wa pili, anashushiwa sentimita 44. Rudi sasa kwenye ile 40 ya Mholanzi. Mahali ambapo maji yalikuwa yamesimama mita moja tu juu ya bahari, sentimita 44 zinaita mita 17 na zaidi za chumvi ikiwa hali hiyo itaendelea.

Na yule jirani mwenye kaya yake na yuniti 2 kwa siku, akivuta kiangazi chote, anamshusha mwenzake aliye mita 50 kwa kiasi kisichofika sentimita moja. Naandika hili kwa makusudi. Mara nyingi kwenye mikutano ya mtaa lawama humwangukia mwenye kisima kidogo cha uani, kwamba "visima vimekuwa vingi". Vimekuwa vingi kweli, hasa tangu daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 na viwanja vikajaa nyumba. Hesabu inawajumuisha wote kwa haki: nyumba mia zinazovuta yuniti 2 kila moja ni sawa na yule mmoja wa maboza. Tofauti ni kwamba zile mia zimetawanyika, na mshuko wa kila moja unabaki mdogo palepale ilipo. Katika kanuni ya Theis mishuko inajumlishwa tu, hiki na kile na kile, kwa hiyo mtu anaweza kukaa na ramani ya mtaa wake na kujua nani anamgusa nani.

Sisemi muuza maji afungiwe. Mwaka 1997 wakati wa ukame mkubwa, na tena mwaka 2022 Mto Ruvu uliposhuka na mgao ukawa mkali, watu wa jiji hili walikunywa kwa sababu ya visima. Muuza maji anahudumia mitaa ambayo bomba halijafika. Ninachosema ni kwamba yuniti zake 200 zingetoka katika visima vinne vilivyoachana, vifupi, mbali na ufukwe, kila kimoja kikivutwa yuniti 50, kilima cha chumvi chini ya kila kisima kingeinuka mita 3 na kidogo kwa uvutaji wake, badala ya 12.7. Hapo biashara inaendelea na majirani wanakunywa.

Kuna atakayenijibu kwamba karibu na bahari maji hayawezi kushuka sana, kwa kuwa bahari haiishi. Ni kweli, na kanuni inalijua hilo. Ili kuihesabu bahari, tunachora kisima pacha cha kufikirika upande wa pili wa mstari wa ufukwe, umbali uleule, kinachomwaga maji badala ya kuvuta, kisha tunajumlisha. Mshuko unapungua sana. Lakini jiulize: maji yanayopunguza mshuko huo yanatoka wapi? Mwaka 1940 huyuhuyu Theis aliliweka wazi: kila yuniti inayotoka kisimani lazima ipungue mahali fulani, ama kwenye akiba ya mchanga, ama kwenye maji yaliyokuwa yakitiririkia baharini. Haya ya pili tunayaona kama hasara, eti yanakwenda bure. Hayaendi bure. Ndiyo yanayoisukuma chumvi ikae kule kwake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni upimaji. Namba zote nilizotumia hapo juu ni za mchanga wa mfano. Namba za kiwanja chako lazima zitoke kwenye kisima chako, na njia ni kuvuta maji kwa kasi isiyobadilika huku ukiandika kina cha maji: dakika ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi, ya mia, ya elfu. Cooper na Jacob walirahisisha kanuni ya Theis mwaka 1946 kiasi kwamba ukiziweka namba hizo kwenye karatasi ya logi, ambayo dakika 1, 10, 100 na 1,000 zimeachana kwa umbali sawa, zinajipanga kwenye mstari mnyoofu. Kuanzia dakika ya 10 hadi ya 100 maji yanashuka kiasi fulani, na kuanzia ya 100 hadi ya 1,000 yanashuka kiasi kilekile. Mteremko wa mstari huo ndio unaokupa uwezo wa tabaka zima kupitisha maji. Mfano: kisima kinavutwa yuniti 120 kwa siku, na kila muda unapozidi mara kumi maji yanashuka sentimita 22. Zidisha 120 kwa 0.183, namba ya kanuni isiyobadilika, gawa kwa 0.22, unapata karibu 100. Ndiyo ile mita 20 mara mita 5 niliyoitumia.

Kinachofanyika mitaani ni kitu kingine. Mtambo ukimaliza kuchimba, mafundi wanapuliza kisima kwa hewa ya kompresa kwa muda mfupi, wanakinga maji kwenye ndoo, wanahesabu sekunde, kisha wanamwandikia mwenye nyumba: lita elfu tano kwa saa. Wanaojitahidi zaidi wanavuta kwa pampu saa mbili na kusema maji yametulia. Hayajatulia. Katika mfano wangu wa yuniti 120, kati ya saa ya kwanza na ya pili maji yanashuka kama sentimita 7 tu, na mtu asiyeijua kanuni ataona ni kama yamesimama. Endelea kuvuta kwa kasi ileile hadi mwisho wa zile siku 150 za kiangazi, yanashuka sentimita 72 nyingine. Kwa kisima cha Dodoma sentimita 72 si kitu. Kwa kisima cha Mjimwema kilichoko mita mia chache kutoka baharini, ndizo zinazoamua kama mtu atakunywa au hatakunywa.

Dakika ya 1,000 inafika baada ya saa 16 na dakika 40. Ndiyo sababu tulifundishwa kupima saa 24, na ndiyo sababu tulilala kandokando ya visima na tochi zetu, mwenzako anashika futi na kupaza sauti, wewe unaandika. Nakumbuka furaha ya kuziona zile nukta alfajiri zikiwa zimelala kwenye mstari. Unajua wakati huohuo kwamba ardhi imekujibu. Pia unajua pale mstari unapovunjika na kuteremka kwa kasi maradufu: umegonga ukuta wa udongo wa mfinyanzi huko mbele, na tabaka lako ni dogo kuliko ulivyodhani. Saa mbili za kuvuta hazikuonyeshi hayo hata kidogo.

Kwenye kikao kimoja cha wadau nilipoulizia jambo hili, niliambiwa tusubiri modeli ya kompyuta ya eneo zima. Sina ugomvi na modeli. Mahali ambapo tabaka za mchanga na mfinyanzi zimepishana, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, na hasa tabaka za kina kirefu kama zile za Kimbiji na Mpera ambako visima vinakwenda mamia ya mita, kompyuta inahitajika. Kanuni ninazozisifu zina mipaka yake. Zinachukulia kwamba mchanga ni mmoja, umelala sawasawa na umeenea mbali. Ukienda upande wa mashariki wa Unguja, kwenye mawe ya matumbawe ambako maji yanapita ndani ya mapango na nyufa, ukitumia Theis kama ilivyo utajidanganya. Huko lazima uchunguze pango kwa pango. Hata hapa kwetu, tabaka lenye mfinyanzi juu yake linahitaji kanuni ya Hantush na Jacob ya mwaka 1955, inayohesabu maji yanayovuja kutoka juu.

Lakini modeli inakula namba zilezile ambazo hatukusanyi. Mtaalamu akija na kompyuta yake kesho, atauliza: visima viko wapi, vina kina gani, vinavutwa kiasi gani, maji yalisimama wapi mwaka gani, mchanga unapitisha kiasi gani? Tusipokuwa na majibu ataweka makisio yake, na ramani yenye rangi nzuri itakuwa ramani ya makisio. Kisha ataipima modeli yake kwa kuilinganisha na kanuni ya Theis, kwa sababu ndivyo inavyofanyika kote: programu ya kompyuta huaminiwa baada ya kutoa jibu lilelile linalotolewa na hesabu ya mkono pale ambapo hesabu ya mkono inajulikana kuwa sahihi.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka bodi za mabonde na utaratibu wa vibali, na sisi tuko chini ya Bonde la Wami/Ruvu. Ombi langu kwa wahusika ni la mambo mawili. Kwanza, kisima chochote cha biashara kilicho ndani ya kilomita mbili kutoka ufukweni kisipewe kibali cha kuvuta bila kipimo cha saa 24, na karatasi ya hesabu iambatishwe ikionyesha mshuko kwa jirani wa karibu mwishoni mwa kiangazi na urefu wa kilima cha chumvi. Ni ukurasa mmoja. Fundi sanifu yeyote aliyepita chuoni anaweza kuujaza.

Pili, namba za visima ziwekwe wazi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo mwananchi anaweza kuzisoma bila barua ya utambulisho: mahali kisima kilipo, kina chake, usawa wa maji siku kilipochimbwa, kiasi kinachovutwa, mteremko wa ule mstari, na chumvi iliyopimwa Machi kabla ya masika na Oktoba kabla ya vuli. Mwenye kisima asidai kwamba ni siri yake, kwa kuwa maji anayoyavuta yanapita chini ya uzio wa wenzake.

Kwa wale wanaochimba mwezi huu, msisubiri serikali. Kabla ya kumalizia malipo, mwambieni mchimbaji avute usiku kucha mkiwepo, awaachie karatasi ya dakika na kina, na awaandikie kitako cha kisima kiko mita ngapi chini ya usawa wa bahari. Akisema hajui usawa wa bahari uko wapi kwenye kiwanja chenu, tafuteni mchimbaji mwingine.

Fundi sanifu wa maji, mstaafu
Mjimwema, Kigamboni
Dar es Salaam